Mama Devotha, Aliyeitwa Mshtakiwa wa Pili

Padre, wazee wetu, ndugu na majirani wa Nyandira, tunaomba masikio yenu. Marehemu alipozidiwa aliwaagiza wanawe kwamba wasifu wake usomwe wote, na ile miaka ambayo watu huisemea pembeni isirukwe. Basi haitarukwa.

Yuliana Alois Mbena alizaliwa hapa Nyandira, Mgeta, tarehe 14 Machi 1974, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alois Mbena na Mama Martina, wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akamaliza mwaka 1989. Wanaomkumbuka enzi hizo wanamkumbuka na mbuzi wake. Jumapili moja mbuzi huyo alimfuata hadi ndani ya kanisa, akasimama katikati ya njia wakati wa mahubiri. Padre akauliza, "Yuliana, huyu naye amebatizwa?" Yuliana akasimama kwa adabu: "Bado, Padre. Ndiyo kwanza ameanza mafundisho."

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Ignas Mloka. Walijaliwa watoto wawili, Devotha na Victor. Walilima kabichi, njegere na viazi, wakafuga mbuzi wa maziwa. Waligombana kama wagombanavyo watu wa nyumba moja, na majirani waliwasikia. Hakuna aliyejua kwamba siku moja magomvi hayo yangesimuliwa mbele ya jaji.

Tarehe 21 Agosti 2011 Ignas alikutwa amekufa kando ya kijito, kwenye shamba la bondeni ambalo mdogo wake, Amosi, alitaka liuzwe na yeye akakataa. Amosi alikamatwa, akakiri kwamba alimpiga kaka yake kwa mpini wa jembe. Lakini hakuishia hapo. Alisema ametumwa na shemeji yake. Matanga hayajaanuliwa, Yuliana akachukuliwa akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Watoto walibaki kwa bibi yao, Mama Hosiana, ambaye kwa mkupuo mmoja alikuwa amempoteza mwana mmoja kaburini na mwingine mahabusu.

Kesi ilisikilizwa Morogoro mjini mwaka 2015. Amosi alikuwa mshtakiwa wa kwanza, Yuliana wa pili. Walikaa kizimbani bega kwa bega, na kwa watu wengi hukumu ilikuwa imekwisha kutoka: wamekamatwa pamoja, wamefanya pamoja. Jirani mmoja alieleza alivyomsikia Yuliana akimfokea mumewe wiki ile. Wakili wa Yuliana, mama mmoja mpole aitwaye Stella, aliuliza swali moja tu: "Walikuwa wanagombania nini?" Jirani akafikiri. "Chumvi," akasema. "Baba Devotha alisahau kununua chumvi."

Jaji alisoma hukumu taratibu. Alisema washtakiwa ni wawili, na kila mmoja ana mizani yake. Maelezo ya mshtakiwa wa kwanza yalimbana yeye mwenyewe, kwa kuwa alikiri, na mpini wenye damu aliuonyesha kwa mkono wake. Dhidi ya mwenzake, maneno hayo yangeweza tu kuupa nguvu ushahidi mwingine, yasingeweza kusimama peke yake. "Sasa ushahidi huo mwingine uko wapi?" jaji aliuliza. Magomvi ya chumvi hayakutosha. Amosi alitiwa hatiani. Yuliana akaachiwa huru.

Alipanda mlima moja kwa moja hadi Nyandira, mlangoni kwa mama mkwe. "Shikamoo, mama." Mama Hosiana hakuitikia. Alisema, "Mahakama imekuachia. Mimi bado." Akafunga mlango, na Yuliana akawasikia wanawe wakilia upande wa pili.

Alishuka mjini, akapanga chumba Mwembesongo, akauza viazi sokoni. Watoto walianza kumjia mmoja mmoja, kwa kujificha. Hakuwahi kuwafundisha kumchukia bibi yao.

Mwaka 2018 alimtumia Mama Hosiana ujumbe: "Twende gerezani tukamuulize Amosi. Akisema ni kweli, sitakusumbua tena." Bibi alikubali. Mbele ya mama yake, Amosi alishindwa kuinua macho. "Waliponiuliza nilikuwa na nani," alisema, "niliona aibu kusema nilikuwa peke yangu. Mtu amuue kaka yake wa tumbo moja, bila hata wa kumsukuma? Nikakutaja wewe, shemeji. Hukuwa na habari." Yuliana alilia. Hakumtukana. Alimuuliza kama anapata sabuni.

Nje ya lango Mama Hosiana alimshika mkono. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimechelewa kuitikia."

Mwaka 2022 Yuliana aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Morogoro na Dar es Salaam, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, nyumbani kwa Devotha, Mwembesongo, akiwa ameshikwa mikono na wanawe wote wawili.

Juzi wanaukoo walikaa kujadili azikwe wapi. Wapo waliosema arudishwe kwa ukoo wa mama yake, kama desturi yetu ilivyo, kwamba si vizuri alale karibu na marehemu Ignas, watu watasema. Mama Hosiana, ambaye siku hizi haoni vizuri, alisikiliza mpaka wote wakamaliza. "Nilimwozesha Ignas mke mmoja," alisema. "Mlazeni pembeni yake. Atakayesema, aje aseme kwangu."

Ndiyo maana leo tumesimama hapa.

Ameacha watoto wawili, Devotha na Victor, wajukuu watatu, mdogo wake, Patrick, mama mkwe wake, Hosiana, na shemeji yake, Amosi, aliyeko kifungoni.

Ee Bwana, wewe huhitaji shahidi. Mpokee Yuliana, apumzike kwako kwa amani.