Chenga Kwenye Tope Jeupe

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, fundi wetu wa sampuli za sakafu ya bahari anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana jina lake. Sisi tunamwita Mzee Chenga, na siku hizi hata mkewe humwita hivyo akitaka kumtuma dukani.

Aliajiriwa kuosha mabomba, yale tunayoyashindilia ili kuchota tope kwenye kilindi kilicho chini ya ukingo wa jukwaa la chokaa, yaani ule mwamba mpana wa chini ya maji ambao kituo chetu kimejengwa juu yake. Huku juu maji ni ya kiunoni, yana joto, na matumbawe, konokono na mwani hutengeneza chokaa mchana kutwa. Mawimbi huikokota hadi ukingoni, nayo hushuka gizani polepole kama unga unaochekechwa, mwaka baada ya mwaka, ikawa tope jeupe laini. Hilo halitishi. Kinachotisha ni mteremko ukielemewa: humeguka, na vipande vya ukingo huporomoka hadi chini kabisa na kulala juu ya lile tope.

Kulitambua tabaka la maporomoko tuna mashine. Mzee Chenga ana meno. Huchota tope kwa kijiko akalitafuna, macho yamefumbwa. Likiwa laini hutema na kuendelea na chai. Likiwa na mchanga husema "chenga" tu, na chai inapoa. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alidhani ndivyo tunavyokaribisha watu, akala kijiko kizima na kushukuru.

Mwaka wake wa saba alisema chenga, wenzake wakamcheka. Wiki tatu baadaye gati la zamani lilikwenda na ukingo wake, Jumapili asubuhi. Jumatatu lingekuwa na watu kumi na mmoja. Kicheko kilikoma, ila kujenga ukingoni hatukuacha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mimi nimekaa meza ya pili kutoka kwake miaka tisa, na haya nayaandika kwa hofu. Mwezi Mei alifungua bomba lake la mwisho. Tabaka la juu kabisa, la juzi tu, lilikuwa chenga tupu, na kipande cha tumbawe ambacho hata rangi hakijapoteza. Alinipa kijiko. Nilitafuna, mchanga ukalia menoni. Juu ya mteremko huo kuna chumba cha kupimia mawimbi. Wenzetu wanne hulala humo, na mmoja ni mume wangu. Mzee hakunituliza.

"Mwanangu, siku siijui," alisema. "Najua tu kwamba mteremko umeanza kumeguka."

Siku hiyo hiyo aliandika barua kwamba chumba kihamishwe. Alijibiwa kuwa jambo hilo litajadiliwa baada ya kuagwa kwake. Ndiye aliyeomba tuagane hapa karakana, katikati ya mabomba, badala ya ukumbi wa ukingoni. Mtusamehe kwa uhaba wa viti.

Mkuu wetu, saa ya ukutani uliyomnunulia ni nzuri. Lakini zawadi aliyoiomba ni moja, na barua yake tumeichapa nyuma ya ukurasa huu. Mahali pa sahihi yako pako wazi.

Mzee Chenga, asante kwa miaka yako na meno yako. Nenda ukale mlo usio na mchanga. Usingizi mwema uwe wako kuanzia leo. Sisi tutaupata siku wenzetu wanne watakaporudi na magodoro yao.