Kikapu cha Mpunga cha Bi Mwanawetu

Tarehe 30 Juni, 1957, Bi Mwanawetu binti Haruni atakabidhi funguo za bweni na kustaafu, baada ya kuitumikia Nyumba ya Watoto ya Mahege kwa miaka thelathini. Alianza akiwa mfuaji wa nguo, akawa mlezi, kisha mlezi mkuu. Hakuwahi kuwa mpishi, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Siku mpishi alipougua, Bi Mwanawetu alitupikia wali, na watoto wakamwombea mgonjwa dua ndefu ambayo hawajapata kuiomba tena.

Wageni humwona mkali. Ni kweli. Mwenye kucha chafu hakuuvuka mlango wake, na sauti yake ilisikika hadi mashambani. Hata hivyo hakuna mtoto aliyemwogopa kwa muda mrefu, na sababu yake inaanzia mbali.

Alizaliwa upande wa Matumbi, mwaka asioujua. Anachojua ni kwamba vita vya Maji Maji vilipoanza, alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Baba yake alikunywa maji ya dawa, akaenda vitani, asirudi. Askari wakachoma maghala ya nafaka, njaa ikafuata. Mama yake akateremka naye hadi bonde la Rufiji, akamwacha kwa watu wasiomjua, pamoja na kikapu kidogo cha mpunga. Akamwambia, "Usiule. Nikirudi tutaupanda." Kisha akaenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya wakati wa njaa. Hakuonekana tena.

Wenyeji walipoupika ule mpunga, mtoto alimng'ata mkono mama mwenye nyumba. Tangu hapo alihamishwa nyumba baada ya nyumba, akiiba, akipigana, akitoroka. Alipokuwa kigori, mkunga mmoja wa Utete, marehemu Bi Johari, alimchukua. Hakumpa mawaidha. Alimpa kikapu kipya chenye mpunga, akaapa kwamba hakuna mtu atakayekigusa.

Hiyo ndiyo desturi aliyotuletea. Kila mtoto anayeingia Mahege hupewa kikapu chake cha mpunga, hukiweka penye kichwa cha kitanda, na hata mlezi haruhusiwi kukifunua. Walikuwapo waliolalamika kwamba tunafuga panya. Tulifuga, kidogo. Mtoto mgeni hukipapasa kikapu chake kila asubuhi. Wengine hulala wamekikumbatia. Siku zikipita, husahau. Mpunga huingiwa na fukusi, wale wadudu watoboao nafaka iliyokaa, na Bi Mwanawetu akiona unga wa fukusi chini ya kitanda, hupiga vigelegele bweni zima likashtuka. Kwake, hiyo ndiyo alama kwamba mtoto amefika nyumbani.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Sadala. Alitujia akiwa yatima aliyekwisha kufukuzwa na ami zake wote. Alipobalehe, alivunja ghala, akamng'oa kiranja jino, akakimbilia mashambani. Kamati ikakutana ili kumfukuza. Bi Mwanawetu aliomba ruhusa, akasema, "Mabwana, huyu haibi kwa sababu ya njaa. Anaiba kwa sababu haamini kwamba kesho atakula."

Mwenyekiti akamwuliza, "Na akiiba tena?"

"Nitatoka naye."

Alimkuta Sadala juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu ambamo watu wa bondeni hukaa kulinda mpunga. Hakumwita. Alikaa chini, akaanza kuwafukuza ndege kwa kombeo. Jua lilipoanza kushuka, sauti ikatoka juu: "Bibi, ndege hao wanakucheka. Unawarushia kule walikokwisha kutoka!"

"Basi shuka unifundishe."

Akashuka. Je, aliiba tena? Aliiba mkungu wa ndizi, na mwenyekiti, Mungu amrehemu, alijifanya hakusikia. Ilichukua miaka mitatu kabla fukusi hawajaonekana chini ya kitanda cha Sadala. Vigelegele vya siku ile tunavikumbuka.

Bi Mwanawetu hakujaliwa kuzaa, wala hana ndugu anayemjua. Tangu kustaafu kwake kulipotajwa, tulijiuliza ataishi wapi, naye alijibu tu kwamba ardhi ya Mungu ni pana. Sote tuliona kwamba amepunguza kula. Ndipo mwezi uliopita Sadala, ambaye sasa ni mkulima huko Mloka, alipofika ofisini na mkewe Biasha, akasema, "Nimekuja kumchukua mama yangu. Chumba kiko tayari."

Bi Mwanawetu alimtazama juu hadi chini, kama anayekagua kucha. "Shambani kwako kuna nguruwe mwitu wa kufukuza?"

"Wengi, Mama. Na ndege pia, ila hao utaniachia mimi."

Alisema atafikiri. Kesho yake akaanza kufunga mizigo.

Tulipomsaidia, tulikiona kikapu chake mwenyewe penye kichwa cha kitanda. Miaka yote thelathini hakijaingiwa na fukusi hata mmoja, kwa kuwa kila mavuno alibadilisha mpunga. Safari hii pia ameujaza mpya, naye anauchukua kwenda Mloka.

Bi Mwanawetu, tunakushukuru kwa niaba ya kila mtoto uliyemngoja hadi akashuka. Nenda salama, ule wali uliopikwa na mwingine, na Mwenyezi Mungu ajaalie fukusi wakiingie kikapu chako.