Salamu Isiyojibiwa Wodi ya Kifua Kikuu

Tarehe 30 Juni 1973, Ndugu Imakulata Kornel, Sista, yaani muuguzi mkuu, wa wodi ya kifua kikuu katika hospitali yetu hapa Tabora, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Aliingia mwaka 1946 akiwa mfagiaji. Akafundishwa kupima joto, kisha kudunga sindano, na mwaka mmoja baada ya Uhuru akakabidhiwa funguo za kabati la dawa. Kamati ya wafanyakazi imeniomba niandike habari zake kwa sababu mama yangu, Bertila, ni muuguzi katika wodi hiyo, na kwa sababu wanakamati wote walidai wana mwandiko mbaya.

Kwenye shamba la ujamaa la wafanyakazi kule Itetemia, hakuna kijana aliyewahi kumaliza tuta kabla ya Sista. Chai yake ina sukari nyingi mno, na hataki ushauri juu ya jambo hilo.

Mgonjwa hatoki mikononi mwake na dawa bila kuambiwa itakavyomsumbua. Klorokwini ya malaria, kwa mfano, huwasha watu wengi mwili mzima, na zamani wengine walitupa vidonge wakidhani wamerogwa. Sista huwaonya mapema: “Baba, utajikuna kama mbuzi mwenye upele. Jikune, maliza dozi, na usimsingizie jirani.”

Uangalifu huo aliupata kwa kosa, na ni yeye aliyetaka kosa hilo liandikwe hapa.

Mwaka 1968 alilazwa Mzee Jilala, mrina asali kutoka Sikonge. Kila asubuhi alidungwa streptomaisini, dawa iliyookoa vifua vingi, lakini ambayo huweza kuharibu masikio ya baadhi ya watu. Mzee alipenda kukaa dirishani, akiipa wodi mgongo. Asubuhi moja Sista alimwamkia, “Shikamoo, baba.” Hakujibiwa. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akatania, “Mzee wetu kapata cheo, haitikii watu wadogo!” Wodi ikacheka. Sista alinuna, akamdunga kimyakimya siku zote tatu.

Siku ya nne, beseni la chuma liliponyoka na kuanguka sakafuni. Wodi nzima ilishtuka. Mzee Jilala hakugeuka.

Sista aliweka sindano chini, akaenda mbele yake, akamuuliza kwa sauti kubwa kama masikio yana shida. “Yanalia kama mzinga, wiki ya pili sasa,” alijibu mzee. “Nikajua nyuki wangu wananiita nyumbani.” Alipoulizwa kwa nini hakusema, alishangaa: “Mnanilisha, mnanitibu. Nianze kulalamika tena?”

Daktari alisimamisha sindano siku ileile, akambadilishia dawa. Sikio la kushoto lilipona kiasi. La kulia halikurudi. Kwa mrina asali hilo si jambo dogo: yeye humfuata porini ndege aonyeshaye nyuki kwa mlio wake, na huweka sikio kwenye mzinga kujua kama kundi limeingia.

Ndugu Twalibu, mtoa dawa wetu, alimshauri kwa nia njema: “Sista, nyamaza tu. Mzee mwenyewe hajui.” Hakunyamaza. Alimweleza daktari, kisha akapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia mzee katika sikio lililobaki kwamba sindano tatu za mwisho hazikupaswa kudungwa, na kwamba alizidunga yeye akiwa amenuna.

Mama yangu alikuwepo. Anasema mzee alitokwa machozi. Kisha akasema, “Umenipunguza, binti yangu. Asipunguzwe mwingine.”

Tangu siku hiyo Sista haulizi tena, “Hujambo?” kabla ya sindano, maana kila mtu hujibu hajambo. Huuliza: masikio yanalia? Ukisimama, nyumba inazunguka? Huanza kunong’ona akiwa nyuma ya mgonjwa, na asiyegeuka hadungwi mpaka daktari amwone. Wauguzi wapya huwafundisha hivi: “Babu zetu walibeba mizigo hadi pwani, na aliyeulizwa kama mzigo ni mzito alisema ni mwepesi. Wagonjwa wetu ni wajukuu zao. Lakini dawa haijui adabu. Haitakuonea haya kwa sababu umeshukuru.”

Katika miaka mitano tangu hapo, wagonjwa kumi na mmoja wamebadilishiwa dawa mapema, na wote wanasikia.

Wiki iliyopita Swaumu, msichana wa Usinge ambaye hata jina lake hulisema kwa aibu, alimzuia muuguzi mkono kabla ya sindano. “Ngoja kwanza, dada. Tangu jana nasikia filimbi.” Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sista alikuwa mlangoni. Alimwita daktari, kisha akatoka nje kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Ndugu Imakulata, tunakushukuru kwa kila sindano uliyodunga, na zaidi kwa zile ulizoziweka chini. Nenda ukanywe chai yako utakavyo, ulale hadi jua lipande, na Mungu akupe miaka mingi yenye furaha. Nawe, mama yetu, tunakuomba: siku ukiumwa popote, usituambie, “Sijambo.”