Mama Hodi, Aliyelikondesha Daftari la Wagonjwa

Mimi ndiye niliyemfundisha kazi Mama Hodi. Kila anachokijua, kuanzia kudunga sindano mpaka kumpokea mtoto, amekipata kwangu. Basi, kabla mganga mfawidhi hajaninyang'anya kalamu, niseme kweli: mimi ni mlinzi wa geti, darasa la tano nililichungulia tu dirishani, na siku anaripoti kazini nilichelewa kumfungulia. Lakini geti nilimfungulia mimi, na hilo hakuna wa kulipinga.

Ni miaka thelathini na mmoja sasa. Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni muuguzi wetu anastaafu, mwenyewe ana miaka sitini, miguu yake ina themanini. Alipoingia aliniita kaka. Siku hizi ananiita babu, na mimi namsamehe.

Zahanati wakati ule ilikuwa vyumba viwili na benchi moja lenye msumari uliochana suruali tatu, mojawapo yangu. Asubuhi wagonjwa walijaa hadi kwenye ngazi. Unawatibu, wiki ijayo walewale wanarudi na kuhara kulekule. Mwezi wake wa tatu kazini akachoka. Akanunua daftari la shule, akaandika kila nyumba ya mtaa: nani mjamzito, nani ana presha, mtoto gani hajachanjwa, kisima kipi hakina mfuniko. Kila Jumanne na Alhamisi akawa anapita kupiga hodi, ndiyo maana ya jina.

Kumkwepa ilikuwa kazi. Fundi seremala, mwenye sukari, aliwahi kujificha ndani ya kabati alilokuwa akilitengeneza. Mama Hodi akakaa kwenye meza ya kazi, akasema, "Shemeji, kabati zuri, hongera. Ila soda yako huku nje inapata moto." Kabati likafunguka lenyewe.

Taratibu benchi likaanza kuwa na nafasi, daftari la wagonjwa likakonda. Sisi tulishangilia. Wilayani hawakushangilia. Sera ya serikali wakati ule ilihesabu wagonjwa: zahanati hupewa fungu kwa idadi ya waliotibiwa. Wagonjwa wakipungua, na dawa zinapungua. Yaani kila mtoto aliyekingwa asiumwe alitupunguzia bajeti. Mimi sikusoma, lakini hata mimi niliona hapo pana kichekesho.

Mwaka wake wa tisa ikaja barua. Mkaguzi atakuja, na akikuta wagonjwa bado ni wachache, zahanati itafungwa, watu wafuate hospitali ya wilaya, mwendo wa saa nne kwa miguu. Mjamzito gani atafika?

Hapo nikajitia akili. Asubuhi ya ukaguzi nilikusanya majirani, wazima wa kusukuma lori, nikawapanga kwenye benchi na kuwafundisha kukohoa. Dada yangu alikohoa kwa ufundi hadi mkaguzi akasogeza kiti chake nyuma. Seremala ndiye aliyeharibu: alishika kichwa huku akililia tumbo.

Mama Hodi akatoka chumba cha sindano, akawatazama mmoja mmoja.

"Bwana mkaguzi, hawa hawaumwi," akasema. "Huyu nilimgundua ana sukari miaka sita iliyopita, hajalazwa hata siku moja. Huyu mama ana watoto wanne, wote wamechanjwa. Kama unataka kuwahesabu wakiwa wagonjwa, umechelewa."

Halafu akanigeukia. "Na wewe kaka, barua yao ingetufunga mwezi ujao. Uongo wako utatufunga leo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkaguzi aliomba kuliona lile daftari la nyumba, akalisoma mpaka chai yake ikaota utando. Hatukufungwa. Ila fungu likabaki lilelile dogo, na kila mwaka Mama Hodi akawa anaiandikia wizara: tulipeni kwa kila familia tunayoitunza, si kwa kila mgonjwa tunayempokea. Barua ishirini na mbili, zote nimezipeleka posta mimi. Majibu yalikuja matatu, na yote yalisema barua imepokelewa.

Mwaka huu wamekubali. Kuanzia tarehe mosi Julai tutalipwa kwa familia zilizoandikishwa, na kutakuwa na muuguzi wa pili wa kutembelea majumbani. Tarehe mosi Julai! Yeye anaondoka siku moja kabla. Nilimwuliza kama hawezi kuomba hata wiki moja aionje. Akacheka, akasema, "Babu, fedha zije ziwakute wenye magoti."

Alhamisi iliyopita alizunguka mara ya mwisho, akimwonyesha nyumba muuguzi mpya, binti mwepesi, mwenye heshima. Niliwafungulia, nikafunga, nikabaki nimeshika komeo kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ndala zake zina mlio wake kwenye sakafu ya saruji, mguu wa kushoto unaburuza kidogo. Nimeanza kuutamani mlio huo na mwenyewe bado yupo.

Mama Hodi, kwa niaba ya wenzako wote, waliokuita mkali na waliokuita mama, ahsante. Uende salama kwa binti yako huko mbali, ulale mpaka jua likuamshe, na chai uinywe ingali moto.

Halafu kuna langu. Masika ya mwaka jana ulipokwama kwa yule mjane wa ng'ambo ya mto, nilikuletea mabuti yangu, nikarudi pekupeku kwenye tope, ukasema una deni langu. Sitaki kitu kikubwa. Utakaporudi kufuatilia mafao, na utarudi, maana mafao hayafuatiliwi mara moja, pitia hapa unipime presha. Huyu muuguzi mpya ana mikono mizuri, lakini hajui kunigombeza.