Mji Usio na Trela

Afande alinipa kagari kekundu ka plastiki, akanionyesha ule mji uliochorwa kwenye ubao wa mtihani wa leseni, akasema nikatoe posta nikafikishe hospitali. Mimi niliyefika Juba, Kigali na Goma, kweli kama taniboi wa malori, si dereva, nikakohoa kidogo, nikakavusha ule mstari mweupe wa katikati na kukaendesha upande wa kulia mpaka mwisho. "Mbona uko upande wa wenyewe?" akauliza. Nikamjibu, "Afande, kushoto si kumejaa trela?" Aliinama akautazama ubao, kana kwamba huenda kweli hakuziona. Waliongoja zamu yao walicheka hadi mama mmoja akaomba kiti. Nikarudi Malaba bila leseni, kwenye benchi ya kahawa ya Roselida, ambapo trela zinazongoja kuvuka mpaka zimekaa upande wa kushoto tangu asubuhi, na sisi wengine, kama kawaida, tunapita kulia, kule watoto wanakotembea kwenda shule. Na bila leseni, mke wangu Euphrasia hanipi funguo ya pikapu aliyonunua ya kubeba dagaa wa omena kutoka Sio Port.

— Kimataifa, umeanguka tena? aliuliza Omagor, tunayemwita Brekdauni kwa sababu lori lake halijawahi kufika lilikotumwa.

— Nimeonewa! Mji gani hauna trela hata moja?

— Na boda je? aliuliza Okurut, akiikumbatia pikipiki yake.

— Hakuna.

— Mbuzi?

— Mbuzi hakuna, mahindi choma hakuna, wabadilisha pesa hakuna!

— Sasa hao watu wanakula nini? Roselida alifoka, kikombe kikaruka. Huo si mji, hayo ni makaburi!

— Mimi nawaambia, alisema Brekdauni, huo ni mji wa Ulaya. Wenyewe walishauhama zamani, wakatuachia ubao tufeli nao.

— Ulaya wapi! Okurut alisimama. Hiyo ni mbinguni! Wanatupima kama tunafaa kuingia!

— Wacha wewe, Brekdauni akadakia. Hata mbinguni, mwenye mzigo lazima apange foleni.

Kufikia hapo nilikuwa nimepata nguvu. Nikatangaza kwamba nitarudi kwa yule afande na trela zangu mwenyewe, za maboksi ya kiberiti, nizipange kushoto kwenye ubao wake, halafu tuone yeye atapita wapi. Wakanipigia makofi. Roselida akaniongezea kahawa bila kuombwa.

Makofi yakakatika ghafla. Euphrasia alikuwa amesimama nyuma yangu, beseni kichwani, funguo ikining'inia shingoni pamoja na rozari.

— Baba Vivian, umepita?

Nikanywa kahawa. Brekdauni akaniokoa:

— Mama, mzee ameonewa tu. Hapa si sisi wote tunapita kulia?

— Najua. Nauliza tu. Yule anayetoka Uganda ako upande wake. Wewe pia umeingia upande huo huo. Yeye apite wapi?

Okurut akaanza kupangusa tanki la pikipiki. Roselida akachungulia ndani ya birika. Brekdauni akainua kikombe ambacho kilikuwa kimeisha kitambo, akakishusha.

— Mama, hapo huwa tunaonyeshana taa.

— Watoto wa shule hawana taa, akasema Euphrasia, na kuitumbukiza funguo ndani ya blauzi.