Vipimo vya Dada

Kinyozi aliyekaa kiti cha nyuma alijifanya amesinzia, maana umbea wa basini hauongezi nauli.

"Miaka saba sikusema na dada yangu," fundi cherehani alikuwa akimwambia mama mmoja jirani yake, mkono juu ya gauni lililokunjwa mapajani. "Alinitangaza kwa wanakwaya kuwa mume wangu kanikimbia. Tangu hapo, kwenye Sala ya Bwana, nikifika pale pa kusamehe nafumba mdomo."

"Angalau hukumdanganya Mungu," yule mama akasema.

Kinyozi nusura acheke.

"Jumapili hii nikaitamka yote. Nikaenda moja kwa moja kumshonea hili. Nampelekea wodini."

"Anaumwa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Yule mama alilikunjua gauni, akalitazama kiunoni. "Ulimpima lini, mwanangu?"

"Vipimo vyake ninavyo daftarini." Fundi akalirudisha gauni mapajani. "Vya kabla hatujagombana."

Kinyozi akafumbua macho. Basi lilisimama mbele ya hospitali, watu wakashuka. Fundi alibaki amekaa, akikibana kiuno cha gauni kwa vidole, akikipunguza, kisha akakipunguza tena.