Bei Moja, Fundi Aliyejifunza Kuomba Apunguziwe

Tangu Alhamisi iliyopita nyundo ya karakana ya makochi haijasikika, na mtaa umepoteza saa yake. Mwokaji wa jirani amechelewa kufungua duka siku zote hizi. Mjane wa marehemu anasema usingizi umemkimbia, na si kilio kilichoufukuza, ni ukimya. Miaka nenda miaka rudi aliamka akiinung'unikia nyundo ile. Sasa anatega sikio alfajiri, hasikii kitu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bei Moja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wake wa hesabu alisema mtoto huyu ana akili, ila kumtoa neno ni kama kung'oa jino.

Mwaka 1966 mjomba wake alimchukua karakanani akamfundisha kazi. Fundi wa makochi hutia misumari midogo kinywani, akaitoa kwa ulimi mmoja mmoja huku mkono ukipiga nyundo, na mwenye misumari kinywani hapigi soga. Marehemu alizoea kujibu kwa neno moja, na hata misumari ilipokwisha, neno lilibaki lile lile moja. Mteja akiuliza bei, aliitaja. Mteja akibembeleza, nyundo iliendelea.

Ndivyo alivyokutana na mkewe, muuza nyanya ambaye sokoni walimwogopa, kwani alijua kumshusha bei mwenye mzigo mpaka mwenye mzigo aombe radhi. Alikuja kununua kigoda. Akaja tena kesho yake, na keshokutwa, asipunguziwe hata kidogo. Siku ya mwisho alipandwa na hasira, akamuuliza kama kwao hawakumfundisha kusema na watu. Marehemu alitema misumari kiganjani.

"Kigoda hakipungui," alisema. "Ila ukitaka, kichukue na fundi wake."

Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Kigoda hicho kipo hadi leo jikoni kwao, na mkewe hajawahi kukilipia.

Familia imekubaliana kwamba sehemu inayofuata isomwe, kwa kuwa mwenyewe hakuificha. Mwaka 1994 kazi zilikauka. Mteja mmoja alimwomba ashone bangi ndani ya kiti cha kochi lililokuwa likisafirishwa, naye akakubali akijua anachokifanya. Polisi walilisimamisha lori, wakakipasua kiti. Hakuwahi kusema alidanganywa. Kilichomuudhi, alisimulia baadaye, ni kwamba walikata kitambaa katikati badala ya kufumua mshono.

Mahakamani alisomewa shtaka, akajibu, "Kweli." Hakimu alimuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Akajibu, "Sina." Hapo ndipo mtu huongea: ataje watoto wake, aseme ni kosa la kwanza, aombe huruma. Yeye alinyamaza kana kwamba misumari bado imo kinywani. Hakimu akampa miaka kumi. Marehemu akasema, "Asante," na mkewe, aliyekaa benchi la nyuma, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Wakili aliyejitolea kuwasaidia, dada mpole mwenye miwani, alimweleza mkewe kwamba kosa halipingiki tena, maana mtu amelikiri kwa kinywa chake. Lakini adhabu ni jambo jingine. Mtu aliyekiri anaweza kukata rufaa kwamba adhabu imezidi. Mkewe alikwenda gerezani mbio kama aliyesikia nyanya zimeshuka bei. Marehemu alikataa. Alisema kosa ni lake, na aliyekula chumvi asilalamikie kiu.

"Umekubali kosa, baba watoto. Miaka kumi hukuikubali, umeinyamazia."

"Bei imeshatajwa."

"Bei ya kwanza ni salamu tu. Binti yako atakuwa mtu mzima ndiyo urudi umuulize jina?"

Askari akasema muda umekwisha. Marehemu akaomba kalamu, akatia sahihi karatasi ya rufaa.

Rufaa ilisikilizwa Februari 1996. Wakili alisema yake vizuri: mkosaji wa mara ya kwanza, alikiri tangu mwanzo bila kuisumbua mahakama, mzigo haukuwa mkubwa, na hakimu aliyapita hayo yote kimya kimya. Jaji, mzee mwenye sauti ya chini, akamgeukia marehemu akamuuliza kama ana la kuongeza. Mkewe alikuwa amemfundisha maneno ya kusema, marefu na mazuri. Yote yakamtoka kichwani.

"Mheshimiwa," alisema, "kosa silirudishi, ni langu. Naomba unipunguzie. Nina watoto wawili. Mimi sijui kuomba, ndiyo kwanza najifunza."

Mkewe anasema tangu azaliwe hajasikia hotuba nzuri kama ile. Jaji aliiacha hatia ilivyo, akaishusha adhabu kuwa miaka miwili. Marehemu alitoka mwezi wa saba mwaka ule ule. Mkewe alimpokea getini, akamwambia kwamba angebembeleza kidogo zaidi, angepata hata mwaka mmoja na nusu.

Wapo wateja walioanza kupita upande wa pili wa barabara. Wa kwanza kuleta kazi alikuwa mwokaji wa jirani, na kiti kilichovunjika mguu. Mguu ule ulikuwa umetoka kukatwa kwa msumeno, vumbi la mbao likiwa bado kwenye suruali ya mwokaji. Marehemu aliutazama mguu, akamtazama mwokaji, akatia misumari kinywani. Alitengeneza, akataja bei. Haikupungua.

Tangu hapo hakufunga kiti cha mtu yeyote bila mwenyewe kusimama hapo na kutazama ndani, na vijana wote aliowafundisha wanafanya hivyo. Alimpeleka binti yake shuleni, akamkabidhi kwa mumewe, akabeba wajukuu. Kuomba kulimkolea. Alipougua mapafu mwaka 2021, aliwaomba wauguzi wampunguzie sindano, na mara nyingine walimpunguzia. Mkewe aliwaambia amefaulu kumfundisha kuomba, ila kumpunguzia mteja kumemshinda.

Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni 2024 kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, binti ambaye ni mwalimu, mtoto wa kiume fundi umeme, mkwe, wajukuu watano na dada mmoja. Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, na sisi atupe subira.

Kaburi lake lipo safu ya mwisho karibu na ukuta, upande wa kulia wa mama yake.